Hesabu Huanzia Miguuni

Watoto wengi wanaoanza darasa la kwanza hapa kijijini Kalinzi huja na Kiha cha nyumbani. Kiswahili wanakizoea shuleni. Kwa hiyo asubuhi tunajifunza Kiswahili tukiwa tumesimama. Nasema "chuchumaa", nachuchumaa nao. "Gusa ukuta", tunakimbilia ukutani. Baadaye nasema tu bila kutenda. Wakitenda wenyewe, najua wameelewa. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieneza mbinu hii miaka ya 1960: msikilizaji atende kwanza, kuzungumza kutafuata.

Wakati wa hesabu tunahamia uwanjani. Kwa fimbo nachora mstari wa namba, 0 hadi 10. Anayejumlisha 3 na 4 husimama kwenye 3, huruka mbele mara nne, kisha husoma alipotua. Kutoa ni kurudi nyuma. Wengine huhesabu pale waliposimama kuwa ni hatua ya kwanza, na kuishia 6. Kwenye daftari ningeona jibu baya tu; uwanjani naona kosa linapozaliwa.

Herufi tunaziandika hewani kwa mkono mzima, halafu mchangani kwa kidole, ndipo penseli. Maria Montessori, aliyefungua shule yake Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazipapase.

Wazazi wakipita kwenda kwenye mibuni huuliza, "Mwalimu, leo hakuna masomo?" Nami hujibu, "Mama, hebu muulize mwanao tatu na nne ni ngapi."

Darasa likifurika, wachache waruke, waliobaki wahesabu kwa makofi. Gharama ya haya yote ni fimbo moja na kiwanja kilichofagiliwa.