Kebo ya mashine ya kusaga ipite wapi?

Tangu umeme ufike vijijini, mashine nyingi za kusaga zimeachana na dizeli. Lakini mara nyingi kebo iendayo kwenye mota tunaikuta imelala sakafuni, magunia yakiburutwa juu yake. Hiyo hubeba umeme wa fezi tatu, volti 400. Ganda likichubuka, anayeikanyaga pekupeku kwenye sakafu yenye maji anaweza kufa.

Ipitishwe juu, kwenye trei ya nyaya: bati refu lenye matundu, lililofungwa ukutani kwa vishikizo imara. Kwa kuwa ni chuma, kila kipande kiungwe na waya wa ethi, la sivyo kebo ikichubuka trei nzima inaweza kuwa na umeme. Bati likikatwa, kingo zipigwe tupa, maana ndizo zinazochuna kebo. Na wanaotundika makoti na mizani humo, tunawaomba watafute msumari.

Kinachosahaulika ni vumbi la unga. Hufunika kebo, huzuia joto kutoka, nalo lenyewe hushika moto. Zima swichi kuu kwanza, ndipo ufagie kwa brashi kavu. Usimwagie maji.

Kwa walio Tanzania, muulize fundi leseni yake ya EWURA kabla hajapanda ngazi.