KAZI YA KUWAONGOZA MAHUJAJI: ELIMU YAKE NA AMANA YAKE



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazee wetu wa Kyela wanapokwenda Hija huanza safari kwa basi, kupitia Tukuyu na Mbeya hadi Dar es Salaam, kisha hupanda ndege. Lakini ibada yenyewe hutaka mtu atumie miguu yake. Sasa, mzee ambaye hajawahi kutoka nje ya nchi, hajui Kiarabu na ana sukari au presha, ni nani humwongoza katikati ya watu zaidi ya milioni moja? Makala hii inaeleza kazi ya mtu huyo, kwa sababu huenda miongoni mwenu wamo watakaoifanya.

MAJINA YA KAZI HII

Makka mtu huyu huitwa mutawifu, jina litokanalo na twawafu, kwa kuwa ndiye awazungushaye wageni kwenye Al-Kaaba. Madina wapo wanaoitwa adilla, yaani waonyesha njia. Kwa karne nyingi kazi hii ilirithiwa na familia maalumu, kila familia ikipokea wageni wa nchi fulani. Baadaye familia hizo ziliwekwa katika taasisi kwa kanda, na miaka ya karibuni taasisi hizo zimegeuzwa kuwa makampuni. Upande wetu yupo kiongozi wa msafara, anayetoka na mahujaji nyumbani na kurudi nao.

ASILI YAKE

Uongozi wa njia una heshima kubwa katika historia yetu. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka kwenda Madina mwaka 622, yeye na Sayyidna Abubakar (r.a.) walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze. Wakati huo hakuwa Mwislamu, na Makureshi walikuwa wametangaza zawadi kubwa kwa atakayemleta Mtume. Hata hivyo alikuja kwenye pango la Thaur siku waliyoagana, akawapitisha njia isiyozoeleka upande wa pwani. Alichaguliwa kwa mambo mawili: aliijua njia, na aliaminika.

Njia ndefu ya mahujaji inayojulikana sana ni ile ya kutoka Kufa, Iraki, hadi Makka, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 za jangwa. Huitwa Darb Zubayda, kwa jina la Bibi Zubayda, mke wa Khalifa Harun Rashid, aliyegharimia visima na mabirika ya maji njiani. Bibi huyu alifariki mwaka 831. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliipita njia hiyo mwaka 1326. Anaeleza kuwa msafara ulikuwa mkubwa mno, hata mtu aliyetoka kwa haja na hakuweka alama hakuweza kupaona tena mahali pake. Usiku walitembea kwa mwanga wa mienge.

Hata huku kwetu kazi hii si ngeni. Katika karne ya 19 misafara kutoka Kilwa kuja Ziwa Nyasa ilitanguliwa na kirangozi, mshika bendera aliyejua maji yalipo na mahali pa kulala. Lakini mingi ya misafara ile ilibeba pembe na kuwafunga watu minyororo. Hapo tuzingatie: kujua njia ni elimu tu. Elimu hiyohiyo huweza kumfikisha mja kwenye ibada, na huweza kumfikisha kwenye maangamizi. Tofauti ni uaminifu wa anayeongoza.

NJIA YENYEWE LEO

Tarehe 8 Dhulhija mahujaji hutoka Makka kwenda Mina, yapata kilomita 7 au 8. Tarehe 9 hutoka Mina kwenda Arafa, kama kilomita 14, mwendo unaozidi ule wa kutoka Kyela mjini hadi bandari ya Itungi. Jua likizama huenda Muzdalifa, kama kilomita 9, kisha hurudi Mina. Sai peke yake, baina ya Safa na Marwa, ni zaidi ya kilomita 3. Siku hizi yako mabasi, na treni ya Mashair ilianza mwaka 2010, lakini bado watu wengi hutembea.

KIONGOZI HUFANYA NINI?

(1) Hufundisha kabla ya safari. Huwaonyesha namna ya kuvaa ihramu, kutia nia na kufuata mpango wa kila siku. Pia huwazoeza kutembea, na huandika nani ana ugonjwa gani na anatumia dawa gani.

(2) Huhesabu watu. Huhesabu wakitoka, wakifika, wakiingia kwenye basi na wakishuka. Mina ina mahema zaidi ya laki moja, na yote yanafanana. Mzee akienda chooni bila kujua namba ya hema lake anaweza kupotea saa nyingi juani.

(3) Huchunga saa na upande wa kupita. Tarehe 24 Septemba 2015 makundi mawili yalikutana kwenye makutano ya barabara huko Mina. Hesabu rasmi ya Saudi Arabia ilikuwa vifo 769, na hesabu zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zilizidi 2,000. Watanzania pia walikuwamo. Kiongozi mzuri hawatoi watu wake nje ya saa waliyopangiwa, wala hawaelekezi kinyume cha mkondo wa watu.

(4) Hupigana na joto. Sisi wa Kyela tumezoea joto, lakini letu lina kivuli cha migomba na mikakao. Juni 2024 joto la Makka lilifika nyuzi 51.8, na mahujaji 1,301 walifariki. Serikali ya Saudi Arabia ilisema zaidi ya wanane katika kila kumi hawakuwa na kibali. Kwa kukosa kibali hawakuwa na hema wala basi, wakatembea juani. Wengi walikuwa wametozwa fedha na watu waliowaahidi njia ya mkato. Misri ilizifutia leseni kampuni 16. Hao nao walijiita viongozi wa mahujaji!

(5) Huijua fikihi, hasa ruhusa zake. Aliye dhaifu ameruhusiwa kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya msongamano, na asiyeweza kurusha vijiwe anaweza kumwakilisha mtu. Kiongozi asiyejua haya humlazimisha bibi wa miaka 75 aingie kwenye msukumano, akidhani anailinda ibada yake. Ndugu wanafunzi, hapa elimu ya darasani huokoa roho ya mtu.

ANAYETAKA KAZI HII AJIANDAE VIPI?

Kwanza, asome Kiarabu cha kusema, si cha kusoma tu. Mgonjwa akianguka, kiongozi atazungumza na daktari na askari kwa lugha hiyo. Pili, asome mlango wa Hija mpaka auelewe, pamoja na hitilafu za wanazuoni. Tatu, ajifunze huduma ya kwanza na kusoma ramani. Nne, asiidharau lugha ya nyumbani: bibi aliyechoka na kuogopa hutulia haraka akisemeshwa kwa Kinyakyusa. Tano, awe na subira, kwa sababu wazee huuliza jambo moja mara kumi, na kila mara wanastahiki jibu la heshima.

Tena ajifunze kusema "hapana". Mtu akija na fedha mkononi akitaka apelekwe Hija bila kibali, kumkatalia ndiko kumhurumia. Mwenyezi Mungu ameifaradhisha Hija kwa mwenye uwezo, na njia ya salama ni sehemu ya uwezo huo.

Mwenyezi Mungu awatakabalie mahujaji wetu, na awatoe miongoni mwenu viongozi wenye elimu na uaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.