Povu la Kidonda na Uvimbe wa Tezi ya Shingo

Mimina peroksidi ya hidrojeni kwenye kidonda, povu linaumuka papo hapo. Povu hilo ni oksijeni, na kinachoitoa ni katalasi, kimeng'enya kilichomo kwenye damu na seli, kazi yake kuivunja peroksidi kabla haijaleta madhara. Tezi ya shingo, ile inayofura mtu akiota rovu, huitengeneza kemikali hiyohiyo yenyewe, tena kwa makusudi. Bila peroksidi haiwezi kuyageuza madini joto kuwa homoni.

Tatizo ni kwamba peroksidi haikai ilipowekwa. Hupenya utando wa seli, na ikifika kwenye kiini inaweza kukata DNA. Maabara zimeonyesha kwamba DNA ikikatika hivyo, jeni la RET linaweza kuungwa vibaya na jeni jingine. Kasoro hiyo ilionekana sana kwa watoto waliopata saratani ya tezi baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986.

Ndiyo maana tezi ina walinzi wengi: katalasi, peroksiredoksini, na kundi la glutathioni peroksidasi, ambalo vimeng'enya vyake vingi havifanyi kazi bila madini ya seleni. Kwa uzito wake, hakuna kiungo chenye seleni nyingi kuishinda tezi hii. Katika saratani nyingi za papila, aina mojawapo ya saratani ya tezi, jeni la GPX3, mmoja wa walinzi hao, hukutwa limezimwa, huku NOX4, mtambo mwingine wa kuzalisha peroksidi, ukiongezeka.

Hapo ndipo wauza vidonge hunusa biashara: basi meza seleni! Mimi sishawishiki. Uvimbe wa saratani ukishakomaa, seli zake nazo huwategemea walinzi haohao ili zisife. Nchini Finland, matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha wavuta sigara waliopewa beta-karotini, kizuia-oksidishaji kingine, wakipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao. Na huko kaskazini mwa Zaire, Kongo ya leo, watu waliopungukiwa madini joto na seleni kwa pamoja walipewa seleni peke yake. Homoni ya tezi, iliyokuwa chini tayari, ikashuka zaidi, maana vimeng'enya vingine vya seleni huitumia homoni hiyo.

Kwa hiyo chumvi yenye madini joto kwanza. Ukipapasa kinundu shingoni, kapigwe altrasaundi; daktari akiona haja, atachukua seli kwa sindano nyembamba. Vinundu vingi si saratani.