Anayepima Matabaka Ajue Kuuliza

Majuzi mwanafunzi mmoja wa elimujamii alinijia na rundo la hojaji alizozijaza mtaani Kiandutu, Thika. Alikuwa akitafiti tofauti za kimatabaka, na hojaji yenyewe ilikuwa imetungwa kwa Kiingereza. Maswali akiyafasiri papo hapo, mlangoni pa watu. Penye swali la kazi, wanawake wengi walikuwa wamemjibu, "Sina kazi, nafanya vibarua tu." Naye, kwa uaminifu wote, akawaandika kuwa hawana ajira.

Hebu tazama, ndugu msomaji. Mtu anarauka alfajiri akapalilie shamba la mwenziwe, adhuhuri anafua nguo katika nyumba za Section 9, na bado kitabu cha msomi kinamhesabu miongoni mwa wasiofanya lolote! Hata Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua kuwa mwajiriwa, na akitumikishwa mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi, yapasa ahesabiwe kama mlipwa mshahara wa mwezi. Haki hiyo ataidai vipi ikiwa hata utafiti umemfuta?

Neno kibarua lina historia yake. Katika karne ya 19, huko Unguja na mwambaoni, mtu aliyekodiwa kwa siku alipewa kikaratasi, yaani barua ndogo, akakirejesha wakati wa kulipwa. Jina la kikaratasi likamwangukia aliyekishika. Huku bara, serikali ya kikoloni ikaja na kipande chake, nacho wanaume wa Kiafrika wakalazimishwa kukibeba tangu mwanzo wa miaka ya 1920. (Wazee wetu wangali wanakiita kitambulisho kwa jina hilo, wala si kwa mapenzi.) Basi mwanamke anaposema hana kazi bali ana vibarua, anaeleza kwa usahihi kabisa kwamba hana mwajiri anayemtambua kesho.

Ruiru nako kuna mtego mwingine. Mashamba ya kahawa yamegeuka majumba na ploti za vyumba vya kupanga. Muulize mpangaji wa huko, "Kwenu ni wapi?" Atakutajia Murang'a au Kisii, hata kama amelipa kodi Ruiru kwa miaka 20. Mtafiti asiyejua kwamba *kwenu* ni mahali pa asili wala si pa kulala atamwandika mpita njia.

Elimujamii sijasomea, na wenye taaluma hiyo wanisamehe. Lakini Chuo Kikuu cha Kenyatta, kando ya barabara hiyo hiyo ya Thika, kina walimu wa Kiswahili na wa sosholojia katika ua mmoja. Sioni kwa nini hojaji itoke bila pande hizo mbili kuketi pamoja.

Mwanafunzi wangu alinung'unika kidogo, kwani muda wa kuwasilisha tasnifu ulikuwa umemkaribia, kisha akarudi Kiandutu. Safari hii aliuliza, "Mama, jana ulishinda wapi, na nani alikulipa?" Mmoja wa wale "wasio na kazi" alimtajia waajiri wanne wa juma moja.