Mtoto asimamaye peke yake uwanjani

Mtu akitaka kuijua shule, asianze kwa kutazama madaftari. Aende uwanjani saa ya mapumziko. Huko atawaona wavulana wakifukuza mpira wa matambara, na wasichana wakicheza nzango kwa nyimbo na makofi. Furaha tupu! Lakini atazame vizuri kando ya ukuta. Mara nyingi atamwona mtoto mmoja asimamaye peke yake, akichora mchangani kwa kidole cha mguu, akingoja kengele ilie. Kengele hiyo wenzake huichukia, naye huitamani.

Mtoto huyo ni nani? Wasomaji wapenzi, katika nchi yetu ya Kongo watoto wa namna hiyo si wachache. Katiba ya 2006, katika kifungu chake cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni ya bure katika shule za serikali. Lakini wazazi waliendelea kulipa miaka mingi, mpaka Septemba 2019 serikali ilipoanza kulitimiza neno hilo. Ndipo wakaja darasani watoto waliokuwa wakikaa nyumbani au kuzunguka sokoni. Mwenye miaka kumi na zaidi akaketi karibu na mwenye miaka sita. Baadaye vita vilifika Goma mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Nao watoto wengi waliokimbia pamoja na wazazi wao ikawapasa kuanza tena masomo mahali pageni, kati ya nyuso wasizozijua.

Mlango wa shule umefunguliwa. Lakini kufungua mlango siyo kumkaribisha mgeni. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni wetu huyu mdogo aambiwa neno gani akiingia? Mmoja aitwa Mzee kwa sababu ya urefu wake. Mwingine aitwa Mkimbizi, kana kwamba baba yake hakumpa jina. Yule atembeaye kwa fimbo aitwa kwa mguu wake. Ulimi hauna mfupa, lakini wavunja mifupa. Mtoto hustahimili juma moja, mawili. Kisha siku moja asubuhi asema tumbo lamwuma, na mwisho haji tena.

Tumtazame pia mtoto albino. Kwa aibu huenda kuketi nyuma kabisa. Lakini macho ya watoto hao kwa kawaida ni dhaifu, nao hawaoni vizuri maandishi ya ubaoni. Basi hakosi akili, amekosa nafasi. Mwalimu akimweka mbele, akaandika herufi kubwa, akamruhusu kuvaa kofia na kucheza kivulini, mtoto yule ambaye watu walimwita mjinga ataanza kujibu. Wema huo unahitaji kiasi gani cha fedha? Hata senti moja.

Tusiwalaumu watoto peke yao. Ubaya huu mara nyingine wakubwa ndio walioufundisha. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza, katika kitabu cha 1986, mambo ya shule za Kenya wakati wa ukoloni. Mtoto mmoja alipewa kifungo, akaambiwa ampe mwenzake atakayesikiwa akisema lugha ya mama yake. Kifungo kikapita kutoka mkono hata mkono. Jioni aliyekutwa nacho alimtaja aliyempa, huyo naye akamtaja mwingine, mpaka wote wakajulikana na kuadhibiwa. Tazameni! Shule ile iliwafundisha watoto kuwindana. Na sisi leo, tukimtaja mbele ya darasa yule aliye wa mwisho ili wenzake wamcheke, tunatofautianaje na wale?

Kama shule yaweza kufundisha kucheka mnyonge, yaweza pia kufundisha kumpokea. Mjini Chicago, Marekani, mwalimu Vivian Paley, aliyefundisha watoto wadogo, aliona kwamba wachache darasani walijifanya wenye mchezo: wao ndio walioamua nani aingie na nani akae nje. Naye aliona kwamba wanaokataliwa ni walewale siku zote. Akaweka sheria moja, kwamba mtoto asimkataze mwenzake kuingia mchezoni. Kwanza aliizungumza na watoto wake, tena na wanafunzi wa madarasa ya juu. Wengi wa wakubwa walikiri kwamba ni sheria ya haki, lakini walikuwa na shaka kama itafuatwa. Hata hivyo aliishika, na mwaka 1992 alitoa kitabu kueleza jinsi watoto wake walivyoizoea. Samaki mkunje angali mbichi.

Wanafunzi wapenzi, sasa neno hili ni lenu. Huko Kanada wataalamu walitazama kwa kamera uonevu katika viwanja vya shule za msingi, nao wakaandika habari yake mwaka 2001. Karibu kila mara, yaani mara 88 katika 100, palikuwapo watoto wengine wakitazama. Waliojaribu kumwokoa mwenzao walikuwa wachache: mara 19 tu katika 100. Lakini walipojaribu, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma kabla ya sekunde 10 kupita. Sekunde 10! Ni muda wa kusema: "Mwache, yeye ni wetu." Mwonevu apenda watazamaji, wakigeuka, nguvu zake zapungua.

Basi, kila mmoja ana kazi yake. Mwalimu asimwache mgeni atafute rafiki kwa bahati. Amchagulie wawili wa kumwonyesha uwanja, maji na choo, na kuketi naye siku za kwanza. Asiwaache pia manahodha wachague timu mpaka abaki mmoja asiyetakiwa. Awagawe yeye mwenyewe. Wazazi nao wachunge maneno yao jioni karibu na moto, kwa maana dharau inayosemwa nyumbani juu ya jirani, kesho yake yasikika uwanjani. Tena mtoto anaporudi, wasimwulize tu: "Umepata pointi ngapi?" Wamwulize pia: "Leo umecheza na nani?"

Nawe mwanafunzi, kesho kengele ya mapumziko ikilia, usikimbilie mpira kwanza. Tazama kando ya ukuta. Kama yupo mmoja pale, mwite kwa jina lake.