Mzazi, kuchemsha maji hakuondoi kila kitu

WAZAZI wengi wa Ibighi na Tukuyu kwa ujumla wamelelewa na kanuni moja: maji ya kunywa ya mtoto yachemshwe. Kanuni hiyo ni njema na isiachwe, maana moto huua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo.

Lakini yapo mengine majini ambayo moto hauyawezi, kwa sababu hayana uhai: floraidi, naitreti, aseniki na metali nzito. Maji yakichemka muda mrefu hupungua, nayo hubaki yote sufuriani. Kikombe cha mtoto huwa na kiasi kikubwa zaidi.

Wazazi wa Arusha wanalijua hili. Huko maji yanayopita kwenye miamba ya volkano hubeba floraidi nyingi, na watoto huota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia. Mswaki hauyaondoi, kwani jino huharibika likiwa bado ndani ya ufizi, hasa kabla mtoto hajatimiza miaka 8. Floraidi ikizidi kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Dk. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia aliyekulia Karatu na kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe za nano. Mchanga huzuia uchafu na vijidudu, chembe hunasa floraidi na metali nzito. Mwaka 2015 alikuwa wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, yenye pauni 25,000.

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Fikiria kiazi: kikiwa kizima huchelewa kuiva, kikikatwa vipande vidogo huiva upesi, kwa kuwa sehemu inayogusa moto imeongezeka. Kadhalika chembe ndogo hugusa maji mengi zaidi.

Chembe nyingine ni vichocheo: hazinasi tu, hugeuza uchafu kuwa kitu kingine. Chembe za paladiamu na shaba, zikisaidiwa na haidrojeni, zinaweza kugeuza naitreti kuwa naitrojeni, gesi iliyojaa kwenye hewa tunayovuta. Kazi hiyo bado ni ya maabara zaidi kuliko jikoni.

Naitreti hutoka kwenye mbolea na vyoo. Ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwa kuwa huzuia damu kubeba oksijeni. Mwenye kisima kifupi karibu na choo au shamba la viazi aliangalie hili.

Basi ufanye nini? Usikimbilie kununua chujio, pima maji kwanza. Linalonasa floraidi huenda lisiguse naitreti. Ladha na rangi havitakuambia. Kwa maji ya bomba, uliza mamlaka ya maji majibu ya vipimo. Kwa kisima au chemchemi, changeni majirani mpeleke sampuli maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, Mbeya.

Ukishanunua chujio, uliza chembe zake hubadilishwa lini. Zikijaa hazinasi tena, hata kama maji yanatoka meupe.