Kula kwa Kuzingatia: Jinsi ya Kuandaa Programu ya Kuzuia Ongezeko la Uzito kwa Wanawake

Ukiulizwa ueleze programu ya kuwasaidia wanawake wa eneo lako kuzuia ongezeko la uzito, usijibu tu kwamba wapunguze kula na wafanye mazoezi. Hilo kila mama analijua. Msahihishaji anataka uoneshe kwa nini mtu hula kupita mahitaji yake ilhali anajua, na programu yako itaingilia wapi.

Kwanza, ukubwa wa tatizo. Tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya zilionesha kuwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 22 mwaka 2010 na asilimia 28 mwaka 2015–16. Kipimo ni uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 66 na urefu wa mita 1.60 ana 66 ÷ 2.56, yaani 25.8. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo. Hali hizo huongeza hatari ya kisukari aina ya pili na shinikizo la juu la damu.

Sasa tuje mwilini, maana hapa ndipo penye maksi. Tumbo tupu hutoa homoni ya ghrelini inayoamsha njaa. Chakula kikiingia, tumbo hutanuka na neva hupeleka taarifa kwenye ubongo; utumbo mwembamba nao hutoa homoni za shibe. Taarifa hizo hazifiki papo hapo, zinaweza kuchukua dakika 20 hivi. Anayemaliza sahani kwa dakika saba huku akitazama simu amekwisha kuongeza ugali kabla ubongo haujajua kilichotokea.

Kula kwa kuzingatia ni kuzielekeza akili kwenye chakula na kwenye dalili za njaa na shibe, bila kujilaumu. Zoezi lake maarufu linatokana na mafunzo ya kupunguza msongo yaliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979: mtu hupewa zabibu kavu moja, huitazama, huinusa, kisha huitafuna polepole. Baadaye Jean Kristeller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandaa programu kamili kwa watu wanaokula kupita kiasi. Sisi wa Dodoma zabibu hatuagizi mbali.

Tuseme unaiandaa kwa kikundi cha VICOBA cha akina mama wa Makole, kwa wiki nane. Usiwaitie mkutano mpya. Tumia nusu saa ya kikao chao cha kila wiki. Wiki ya kwanza wasibadilishe chochote, waandike tu: nimekula saa ngapi, njaa ilikuwa kiasi gani kati ya 1 na 10, nilikuwa nafanya nini. Daftari hilo hufichua mengi. Maandazi ya saa nne ofisini huliwa kwa sababu yamepita mezani. Soda ya jioni hunywewa kwa uchovu. Wiki ya pili fanyeni zoezi la zabibu, kisha mlo mmoja kwa siku uliwe bila simu wala televisheni. Baada ya hapo kila mmoja apakue sahani yake, asubiri kidogo kabla ya kuongeza.

Wiki ngumu ni ile ya ugenini. Kwetu mgeni akikataa chakula, mwenyeji huumia, na mwanamke aliyenenepa husifiwa kuwa ametunzwa. Programu isiyogusa jambo hili itaishia darasani. Wajizoeze kusema, "Ahsante dada, nimeshiba kweli, mlenda wako umenikolea. Nifungie kidogo nikale nyumbani."

Usiidharau hesabu ndogo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina gramu 14 hivi; zidisha kwa 9, unapata kilokalori 126. Kwa siku 365 ni 45,990. Usizigeuze moja kwa moja kuwa kilo, kwa sababu mwili hurekebisha matumizi yake, lakini zinaonesha kwamba uzito huja kwa vijiko.

Kwenye tathmini, pima uzito na mzunguko wa kiuno mwanzoni, mwishoni, na tena baada ya miezi sita. Lengo ni uzito usipande, kwa hiyo kilo zilezile ni mafanikio. Kuwa mkweli pia: ushahidi wa njia hii ni mzuri zaidi katika kupunguza ulaji wa hasira na huzuni kuliko katika kushusha kilo. Mazoezi na mboga bado vinahitajika. Wajawazito na wanaonyonyesha wafuate ushauri wa kliniki.

Na ninyi wasichana mnaosoma ukurasa huu: kuruka chakula cha mchana siyo kula kwa kuzingatia. Mwili wa miaka 16 bado unakua na unapoteza madini ya chuma kila mwezi. Njaa ni dalili ya kusikilizwa kama ilivyo shibe.

Zoezi: Mama ana kilo 72 na urefu wa mita 1.55. Kokotoa uwiano wake, taja kundi lake, kisha eleza hatua mbili za programu zinazotumia kuchelewa kwa taarifa ya shibe. (Alama 10)